Wasomaji Wanauliza: Vichwa vya mvuke vya Ujerumani vilizaliwaje, na vilifikaje kila pembe ya dunia?

Nimesoma kwamba treni ya kwanza Ujerumani, mwaka 1835, ilivutwa na kichwa kilichotoka Uingereza. Kama ndivyo, tunaposema "usanifu wa Kijerumani" tunamaanisha nini hasa?

Umesoma sawasawa. Kichwa kile, Adler, yaani Tai, kilijengwa na kiwanda cha Robert Stephenson huko Newcastle, kikasafirishwa kwa meli vipande vyake vikiwa ndani ya masanduku. Tarehe 7 Desemba 1835 kilivuta treni kutoka Nürnberg hadi Fürth, mwendo wa kilomita 6 hivi. Dereva wake, William Wilson, naye alikuwa Mwingereza.

Jaribio la kwanza la Kijerumani lililofaulu lilikuja mwaka 1838. Johann Andreas Schubert alijenga Saxonia huko Übigau, karibu na Dresden, akiwa ameviangalia kwa makini vichwa vya Kiingereza vilivyokuwa vikitumika katika njia ya Leipzig hadi Dresden. Njia hiyo ilipozinduliwa mwaka 1839, treni rasmi zilivutwa na vichwa vya Kiingereza, na Saxonia ikafuata nyuma.

Mwalimu wa pili alikuwa Mmarekani. August Borsig wa Berlin hakuanza kwa kumwiga Stephenson. Alichukua muundo wa William Norris wa Philadelphia, uliokuwa na ekseli mbili ndogo mbele na ekseli moja ya kuendesha, akaongeza ekseli nyingine nyuma ya sanduku la moto ili kichwa kisichezecheze. Mwaka 1841 kichwa chake kilishindanishwa na cha Stephenson katika njia ya Berlin kwenda Jüterbog, kikafika dakika 10 mapema. Miaka kumi na mitatu baadaye, 1854, kiwanda chake kilisherehekea kichwa cha 500. Kufikia hapo Maffei wa München, Kessler wa Karlsruhe na kisha Esslingen, Egestorff wa Hannover na Henschel wa Kassel nao walikuwa wameshaingia kazini.

Hata baadaye kuazima hakukukoma. Mwaka 1899 na 1900 reli ya Bavaria, jimbo la kusini mwa Ujerumani, ilinunua vichwa vinne kutoka Baldwin ya Marekani. Wasanifu wa Maffei walivichunguza, wakavutiwa hasa na fremu. Badala ya bamba pana za chuma zilizofunika kila kitu, Wamarekani walitumia fremu ya miti minene ya chuma, iliyo wazi, ambayo fundi anaweza kupitisha mkono hadi kwenye beringi na springi. Fremu hiyo ndiyo iliyotumika kwenye kichwa cha aina ya S 2/6, iliyofikia kilomita 154.5 kwa saa mwaka 1907, na kwenye S 3/6 ya mwaka 1908, ambayo wapenzi wengi wa reli huiona kuwa kichwa kizuri kuliko vyote vya Ujerumani. Nasi hatuwapingi.

Kwa hiyo chimbuko ni la watu wengi. Lililo la Kijerumani kweli ni mambo mawili yaliyokuja mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20: mvuke uliopashwa kupita kiwango cha kawaida, na nidhamu ya michoro ya pamoja iliyowezesha viwanda kumi tofauti kutoa kipuri kilekile kinachoingia bila kupigwa tupa. Mashine hizi zilisambaa duniani kwa sababu ya mambo hayo mawili kuliko kwa sababu ya mbio na nguvu. Maswali yanayofuata yanayagusa yote.

Huo "mvuke uliopashwa zaidi" ni kitu gani? Si mvuke wote ni wa moto? Na kwa nini ulileta tofauti kubwa hivyo?

Hapa tutakaa kidogo, maana ndipo penye moyo wa jambo.

Maji yakichemka ndani ya boila yenye shinikizo la bar 12, mvuke unaotoka huwa na joto la nyuzi 191 hivi za Selsiasi. Mvuke huo uko ukingoni: ukipoteza joto hata kidogo unaanza kurudi kuwa maji. Ukiingia kwenye silinda ambayo kuta zake zimepozwa na mvuke uliotoka kabla yake, sehemu yake hugeuka matone papo hapo bila kusukuma pistoni. Makaa yaliyochemsha sehemu hiyo yamepotea bure.

Wilhelm Schmidt wa Kassel alitafuta dawa: kuupitisha mvuke, ukishatoka kwenye maji, ndani ya mabomba yaliyo katika mkondo wa moshi wa moto, mpaka ufikie nyuzi 350 hivi. Kwa shinikizo lilelile, kilo moja ya mvuke huo hujaza nafasi kubwa zaidi kwa karibu asilimia 40. Unahitaji mvuke mchache kujaza silinda, na ukipoa kidogo haugeuki maji. Reli za Prussia, dola kubwa kuliko yote ndani ya Ujerumani ya wakati huo, zilianza kuujaribu mwaka 1898, na Robert Garbe, msimamizi wa vichwa wa Prussia, akawa mtetezi wake mkubwa.

Mpangilio wa kwanza ulisumbua. Schmidt alipitisha bomba moja nene katikati ya boila na kuweka mirija ya mvuke ndani yake. Bomba hilo lilipata moto mkali usiolingana na mirija midogo iliyolizunguka, likatanuka kwa kiasi chake peke yake, likapinda na kuvujisha maungio. Suluhisho lilikuwa kuligawa joto: safu za juu za mirija ya kawaida zikaondolewa, pakawekwa mabomba ya kipenyo cha milimita 130 hivi, na ndani ya kila moja mrija mwembamba uliokunjwa ili mvuke uende na kurudi mara mbili kabla ya kushuka kwenye silinda. Mpangilio huo ulitumika kwanza Ubelgiji, mwaka 1901, chini ya Jean-Baptiste Flamme. Reli ya Canadian Pacific ya Kanada nayo iliuchukua mapema. Kampuni ya Schmidt iliuza leseni nchi kwa nchi, na ndiyo maana unaweza kukuta usanifu wa Kassel tumboni mwa kichwa ambacho hakikupata kufika Ujerumani.

Lakini mvuke huu una masharti, na karakana nyingi zilijifunza kwa hasara.

Valvu bapa za zamani, zinazoteleza juu ya uso wa chuma huku zikikandamizwa na mvuke, hazifai. Joto hukausha mafuta na uso hukwaruzwa. Panatakiwa valvu za pistoni, na ni vyema mvuke uingilie katikati ya valvu na kutokea kwenye ncha zake, ili vifungio vya fimbo ya valvu vikutane na mvuke uliokwisha kutumika tu. Mafuta ya wanyama au ya mimea huungua, kwa hiyo hutumika mafuta mazito ya madini yanayosukumwa na pampu ndogo inayoendeshwa na mwendo wa kichwa chenyewe.

Kosa linaloharibu zaidi hutokea kichwa kinapoteremka mlima dereva akiwa amefunga mvuke. Pistoni bado zinakwenda, zinageuka pampu, zinavuta hewa. Hewa ikichanganyika na mafuta ya moto, mafuta huungua na kuacha kaa gumu kwenye ringi, na ringi hukwama. Zisipokuwepo valvu za kusawazisha shinikizo kati ya pande mbili za pistoni, silinda hunyonya pia majivu kutoka chumba cha moshi kupitia bomba la kutolea mvuke. Basi ukikuta silinda iliyokwaruzwa kwa mistari mirefu, chunguza valvu za kusawazisha kabla hujailaumu pampu ya mafuta.

Kosa la pili ni boila kujazwa maji kupita kiasi. Maji yakirushwa pamoja na mvuke, huchemkia ndani ya mirija myembamba na kuacha ukoko wa chokaa mahali ambapo hakuna brashi inayofika. Mrija wenye ukoko haupozwi tena na mvuke, hivyo huungua kwenye kona ya mwisho iliyo karibu na moto. La tatu ni masizi: mabomba makubwa yakizibwa, moto hupita mirija midogo tu, na kichwa hubaki na mvuke wa kawaida bila dereva kujua sababu. La nne ni maungio ya mirija kwenye chumba cha moshi kulegea. Mvuke unaovuja pale huua mvuto wa hewa, moto unafifia, na mtia makaa anatupa koleo baada ya koleo bila sindano ya shinikizo kupanda.

Kuna alama kama 2'C1' h2 na nyingine kama G 56.15. Zinasomwaje?

Ya kwanza ni hesabu ya ekseli kutoka mbele kwenda nyuma. Tarakimu ni ekseli za kubeba uzito tu, na herufi ni ekseli za kuendesha zilizoungwa pamoja: A ni moja, B mbili, C tatu, mpaka E tano. Kialama kidogo juu kinaonyesha kwamba ekseli hizo haziko kwenye fremu kuu, zinaweza kuzunguka zenyewe kwenye kona. Kwa hiyo 2'C1' ni ekseli mbili za mbele kwenye gari lao dogo, tatu za kuendesha, na moja ya nyuma. Kisha h ni mvuke uliopashwa zaidi, n ni mvuke wa kawaida, na namba ya mwisho ni idadi ya silinda. Ikifuatiwa na v, mvuke unafanya kazi mara mbili, silinda ndogo kwanza kisha kubwa.

Ya pili hueleza kazi. G ni treni ya mizigo, P ya abiria, S ya mwendo wa kasi. 56 haisomwi "hamsini na sita" bali tano kwa sita: ekseli tano za kuendesha kati ya sita zote. 15 ni tani kwa kila ekseli. S 36.20 ni kichwa cha kasi, ekseli tatu za kuendesha kati ya sita, tani 20.

Jihadharini mnapolinganisha vitabu vya nchi mbalimbali. Waingereza na Wamarekani huhesabu magurudumu, Wafaransa huhesabu ekseli kwa tarakimu tupu, na Uturuki ilichukua njia ya Kijerumani ikaiweka ndani ya namba za vichwa vyake. Kichwa cha Kituruki cha mfululizo wa 56.5 kina ekseli tano za kuendesha kati ya sita, na ni kilekile cha G 56.15.

P 8 ya Prussia inatajwa katika nchi nyingi sana. Ilienda huko kwa kuuzwa au kwa kuporwa? Na je, Ok22 ya Poland ni P 8 iliyobadilishwa jina?

Yote mawili, na la tatu: kuigwa kwa ridhaa.

P 8 ilianza kujengwa na Schwartzkopff wa Berlin mwaka 1906, ikiwa na ekseli mbili ndogo mbele, tatu za kuendesha zenye magurudumu ya milimita 1,750, silinda mbili tu na kipasha mvuke cha Schmidt. Garbe alitaka silinda mbili mahali ambapo wengine waliweka nne, maana kila silinda inayofichwa katikati ya fremu ni beringi na fimbo ambazo fundi anazifikia kwa kutambaa. Ujerumani pekee ilipata zaidi ya 3,400.

Haikuzaliwa kamili. Ilikusudiwa kufika kilomita 110 kwa saa, lakini uzito wa sehemu zinazokwenda mbele na nyuma haukuwa umesawazishwa vya kutosha, ikatikisika vibaya, na kikomo kikashushwa hadi 100. Kwa treni za kila siku, zinazosimama kila baada ya vituo viwili vitatu, kasoro hiyo haikuwa na uzito mkubwa.

Mkataba wa kusitisha vita wa Novemba 1918 uliitaka Ujerumani ikabidhi vichwa 5,000 na mabehewa 150,000. P 8 nyingi ziliondoka kwa njia hiyo. Ubelgiji iliziita Aina ya 64. Poland, iliyokuwa imezaliwa upya ikiwa na reli za madola matatu tofauti, ilizipa jina Ok1. Romania ilizipenda kiasi cha kuendelea kuzijenga yenyewe, katika viwanda vya Reșița na Malaxa, kwa mfululizo wa 230, ambao kwa hesabu ya Kifaransa ni mbili, tatu, sifuri.

Ok22 si P 8 iliyobadilishwa jina, ingawa ni ndugu wa damu. Mwendo wa chini, yaani magurudumu, silinda na fimbo, unafuata P 8, lakini boila ni kubwa zaidi na imekaa juu zaidi. Tano za kwanza zilijengwa na Hanomag mwaka 1923, na zilizobaki zikajengwa Chrzanów. Hapo ndipo Poland ilipochukua kichwa ilichopewa na historia na kukifanya chake.

Baba yangu alikuwa akisema kwamba wakati wa vita Wajerumani walijenga vichwa vya "kutupwa", vya kutumika miaka michache tu. Mbona vingine vilidumu miaka sitini?

Mzee wako alisema kweli kuhusu nia. Unazungumzia Baureihe 52, yaani mfululizo wa 52, ndiyo ileile yenye alama ya G 56.15 tuliyoieleza.

Mama yake ni Baureihe 50, kichwa kizuri cha mizigo cha mwaka 1939. Majira ya baridi ya 1941 na 1942 huko Urusi yalivikwamisha vichwa vya Ujerumani kwa wingi, na sababu kubwa ilikuwa mabomba. Pampu ya maji, pampu ya hewa ya breki na mabomba yao vilikuwa nje ya boila, vikaganda. Tena vituo vya maji vilikuwa mbalimbali kuliko walivyozoea.

Kwenye 52, iliyoanza kutoka viwandani mwaka 1942, kipasha maji ya boila kiliondolewa, chumba cha dereva kikafungwa pande zote, mabomba yakavikwa, na vipuri vingi vya kusuguliwa na kung'arishwa vikageuzwa kuwa vya kuchomelewa au kuachwa vilivyotoka kwenye nyundo. Vipuri kama 1,000 viliondolewa kabisa na maelfu mengine yakarahisishwa. Tenda ya 52, yaani behewa la maji na makaa linaloandamana na kichwa, ndiyo inayotuvutia zaidi. Haina fremu. Tangi lenyewe, lenye umbo la beseni, ndilo linalobeba mzigo: mita za ujazo 30 za maji na tani 10 za makaa. Zaidi ya vichwa 6,000 vilijengwa.

Sasa jibu la swali lako. Kilichorahisishwa ni mapambo, vifaa vya ziada na muda wa kiwandani. Boila, silinda za milimita 600 kwa 660 na fremu havikupunguzwa nguvu. Na kwa kuwa uzito wa ekseli ulikuwa tani 15 tu, kichwa kiliweza kupita kwenye reli nyepesi ambako kingine chenye nguvu hiyo kingevunja taruma. Nchi iliyotoka vitani na reli mbovu ilihitaji kitu hichohicho. Poland ilikiita Ty2. Warusi waliziongeza nafasi kati ya magurudumu hadi milimita 1,524 wakakiita TE. Norway ilikiita "Stortysker", Mjerumani Mkubwa. Yugoslavia ilikipa namba 33, na katika migodi ya makaa ya Kreka, Bosnia, viliendelea kufanya kazi hadi karne hii ya 21.

Ajabu ni kwamba ndugu zake waliojengwa wakati wa amani, kwa uangalifu, ndio waliougua zaidi. Baadhi ya vichwa vya mwisho wa miaka ya 1930, zikiwemo 50 nyingi za mwanzo, vilipewa boila za chuma kilichoitwa St 47 K. Chuma hicho kilikuwa na nguvu zaidi, hivyo bamba liliweza kuwa jembamba na boila nyepesi. Lakini kilizeeka: baada ya miaka kikawa kigumu na chenye kuvunjika, kikapata nyufa, na nyufa hizo hazikukubali kuchomelewa vizuri. Katika miaka ya 1950 Ujerumani zote mbili zililazimika kubadilisha boila nyingi.

Je, ni kweli kuna vichwa vya Kijerumani vilivyotumia maji yaleyale tena na tena? Naona kama haiwezekani.

Inawezekana, na Afrika Kusini ni mfano mmoja mkubwa.

Kichwa cha kawaida hutupa mvuke wote nje kupitia dohani. Henschel ilibuni njia ya kuurudisha. Mvuke uliotoka kwenye silinda huzungusha kwanza turbini ndogo iliyoungwa na feni ndani ya chumba cha moshi. Feni hiyo ni lazima, maana ni ule mvuke wa kutupwa unaovuta moto kwenye kichwa cha kawaida, na sasa haupo. Kisha mvuke hupita kwenye kichujio cha mafuta, ukaenda kwenye tenda, ukazungusha turbini ya pili inayoendesha feni kubwa za kwenye paa, na mwisho ukaingia kwenye mapezi ya kupozea ubavuni mwa tenda. Unageuka maji, ya moto bado, na kupampiwa tena kwenye boila. Maji yanayopotea ni sehemu ndogo tu ya yale ambayo kingepoteza kichwa cha kawaida.

Henschel ilijaribu mpango huu Argentina mwanzoni mwa miaka ya 1930, ukatumika Urusi pia, na wakati wa vita zaidi ya vichwa 150 vya aina ya 52 vikapewa tenda za namna hiyo. Kuanzia 1953 Afrika Kusini ilipata vichwa 90 vya daraja la 25 kwa ajili ya Karoo, nyika kavu kati ya De Aar na Beaufort West. Kimoja kilijengwa na Henschel na 89 na North British ya Glasgow. Kabla ya hapo treni nzima za matangi zilikuwa zikipeleka maji huko ili treni nyingine ziweze kupita.

Vilifanya kazi yake, ila matunzo yalikuwa makubwa. Feni ya chumba cha moshi ililiwa na chembe za makaa ambazo hazijaungua, mapanga yakachakaa na kupoteza usawa. Kichujio cha mafuta kilihitaji ulinzi wa kila siku, maana mafuta ya silinda yakifika kwenye boila hutanda juu ya bamba la sanduku la moto, bamba likakosa kupozwa na maji, likavimba. Katika miaka ya 1970 karibu vyote vilibadilishwa kuwa vya kawaida. Tenda zao ndefu zilivuliwa mitambo ya kupozea na kuwekewa tangi la maji la mviringo.

Na reli ndogo je? Nasikia kichwa kilichosambaa zaidi kilikuwa kidogo kuliko lori.

Unazungumzia Brigadelok ya jeshi la Ujerumani, ya reli yenye upana wa milimita 600. Hadithi yake inaanzia kwenye kosa. Jeshi lilitumia kwanza Zwillinge, "mapacha": vichwa viwili vidogo vyenye ekseli tatu kila kimoja, vimeungwa mgongo kwa mgongo. Ndivyo vilivyofungua reli ya Swakopmund hadi Windhoek, kilomita 382, kati ya 1897 na 1902. Lakini mapacha maana yake ni boila mbili, moto mara mbili, na kila kitu cha kupimwa na kusafishwa mara mbili, kwa nguvu ambayo boila moja kubwa kidogo ingeitoa kwa makaa machache.

Brigadelok ilijibu hilo: boila moja, ekseli nne zote za kuendesha, tani 12.5 hivi. Ugumu ni kwamba ekseli nne zilizoungwa hazikunji kona kali. Ekseli ya kwanza na ya nne zikapewa mfumo wa Klien-Lindner: ekseli halisi iliyoungwa na fimbo imebaki imenyooka, lakini magurudumu yamekaa kwenye mhimili mtupu unaoizunguka, ulioshikwa katikati na kiungo cha duara, hivyo unaweza kugeuka kidogo na kusogea pembeni. Kiungo hicho ndicho kinachokufa kwanza. Kikichakaa, magurudumu huanza kuyumba kushoto na kulia hata kwenye njia iliyonyooka, na kingo zake huisha upesi. Mnunuzi wa kichwa cha namna hii na akinyanyue, alishike gurudumu la mbele kwa nondo na kulisukuma. Mchezo wa ghafla wenye mlio ni kazi kubwa inayomngoja.

Viwanda vingi vilijenga zaidi ya 2,500 kwa michoro ileile. Baada ya 1918 vikatawanyika kwenye misitu, machimbo na mashamba ya miwa. Biashara ya amani ya Orenstein & Koppel ilikuwa imetangulia kwa njia hiyohiyo: iliuza reli, mataruma ya chuma, mabehewa na kichwa kwa pamoja, vyote vya kuungwa na watu wachache.

Kwa wanaouliza kuhusu Afrika Mashariki: njia ya Tanga, iliyoanza kujengwa mwaka 1893 na kufika Moshi mwaka 1911, na Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam, 1905, hadi Kigoma, 1914, zilijengwa kwa upana wa mita moja. Kwa kuwa Reli ya Uganda nayo ilikuwa ya mita moja, njia hizo ziliweza kuungwa baadaye bila kung'oa taruma.

Kwa nini vitabu vya Kijerumani vinauita mfumo wa valvu "Heusinger" na vingine "Walschaerts"?

Ni mfumo mmoja wa fimbo zinazoendesha valvu za silinda. Egide Walschaerts, Mbelgiji, aliupatia hataza mwaka 1844. Edmund Heusinger von Waldegg aliufikia peke yake mwaka 1849. Aliyetangulia ni Mbelgiji.

Kwenye uwanja wa karakana ya zamani kuna kichwa kilichong'olewa kibao cha kiwanda. Nitajuaje kama ni cha Kijerumani, na cha mwaka gani?

Usianze na umbo, kwa kuwa lilinakiliwa na kila mtu. Mwaka 1911 Japani ilinunua vichwa kwa Borsig, na muda si mrefu Kawasaki ikawa inajenga vya mfano huohuo. Kwa macho tu huwezi kuvitenganisha.

Chukua brashi ya waya na mafuta ya taa. Safisha ncha za fimbo kubwa zinazounganisha magurudumu, uso wa kitovu cha kila gurudumu, na pembe za fremu nyuma ya silinda. Hapo viwanda vilipiga mihuri ya namba ya kazi, na karakana za reli zikapiga namba ya kichwa chenyewe. Andika kila namba na mahali ulipoikuta, kwa sababu si lazima zifanane. Fimbo na magurudumu yalihamishwa kutoka kichwa hadi kichwa katika kila matengenezo makubwa. Namba inayojirudia kwenye fremu ndiyo ya kuamini, si ya fimbo.

Boila ina historia yake. Tafuta kibao chake kidogo chenye shinikizo na mwaka, mara nyingi kwenye sehemu ya nyuma ndani ya chumba cha dereva, na usishangae ukiona kiwanda kingine kabisa na mwaka wa mbele kuliko wa fremu. Pima pia kipenyo cha magurudumu na cha silinda kwa milimita. Vipimo vinavyotoka namba kamili, kama 1,400 kwa gurudumu na 600 kwa 660 kwa silinda, huashiria usanifu wa nchi za mita. Vikitoka namba kamili kwa inchi, huenda kichwa si cha Kijerumani. Ukishapata namba ya fremu, vipimo hivyo na mpangilio wa ekseli, tuandikie tena pamoja na picha za mihuri, zilizopigwa kwa mwanga wa pembeni ili tarakimu zitoe kivuli.